Saini ya Selmer

Nyumbani kwa akina Haugland, mwenye kalamu alikuwa mke. Verna ndiye aliyetia saini hundi za mbolea, ripoti za shule za watoto, mikataba ya kuuza ngano, kadi za Krismasi na barua za rambirambi. Palipotakiwa jina lake aliandika lake, na palipotakiwa la mume akaandika la mume, jicho moja likiwa kwenye karatasi na la pili kwenye sufuria. Selmer yeye alikuwa mtu wa trekta. Mikono yake ilishika grisi tangu theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi, na theluji ikirudi alisema vidole vinamuuma.

Usije ukamwonea huruma. Mpango huo aliupenda mwenyewe. Karatasi ikiletwa mezani alikuwa anaisukuma kwa kiwiko kama sahani ya mboga asizozitaka, anasema, "Weka tu popote, Verna." Na Verna akaweka.

Na aliweka vizuri. Verna alifundishwa kuandika na mwalimu aliyekuwa akipiga vidole kwa rula, na maumivu yale hayakupotea bure. S ya Selmer aliiandika na shingo ndefu kama ya bata maji, H ikasimama imara na miguu yote miwili, na mkia wa jina ukarudi nyuma kulipigia mstari jina zima. Mtu akiitazama saini ile angedhani Selmer Haugland ni jaji, au daktari wa macho. Mwandiko wa Selmer mwenyewe ulikuwa kama kuku amechakura.

Katika kazi hizo zote za kalamu, moja hakuna aliyeitilia maanani. Mwaka walipohamia kwenye nyumba wanayokaa sasa, huku mashambani mashariki ya jimbo la Washington, ziliwajia kadi mbili za kujiandikisha kupiga kura. Siku hiyo Selmer alikuwa kalala chali chini ya mashine ya kuvunia, miguu tu ndiyo inaonekana. Verna akajaza kadi zote mbili, akatia saini zote mbili, akazipeleka posta. Na kwa kuwa huku watu hupiga kura kwa posta, kila mtu mezani kwake na kahawa yake, ile shingo ya bata iliendelea kutokea mgongoni mwa bahasha ya Selmer kila uchaguzi. Verna angemsomea majina, Selmer angesema, "Mpe yule mwenye masikio," au "Yeyote asiyekuwa yule wa mwaka jana," Verna angeweka alama, angefunga, angesaini. Hakuona kosa lolote. Kwake ilikuwa sawa na kumfulia soksi.

Mambo yakaharibika mwaka ambao Verna aligombea nafasi katika Bodi ya Makaburi.

Bodi ya Makaburi ya wilaya ya Tamarack haina mshahara, na mikutano yake ina biskuti kavu. Lakini Verna alikuwa na jambo moja lililomkera, nalo ni maua ya plastiki. Alitaka yaondolewe makaburini yote, maana upepo huyapeperusha mpaka kwenye mashamba ya watu, na waridi likififia rangi huwa linafanana na soseji. Mpinzani wake, Dwayne Pruitt, fundi pampu mstaafu mwenye tumbo la heshima, alisema waacheni watu na maua yao. Dwayne huyo ndiye aliyekuwa akinywa kahawa na Selmer kila asubuhi kwenye ghala la ushirika wa ngano.

Na kulikuwa na jingine. Mama yake Selmer, aliyekuja kuishi nao miaka yake ya mwisho, amezikwa kwenye makaburi hayo hayo, kilimani. Juu ya kaburi lake kulikuwa na alizeti za plastiki. Selmer ndiye aliyeziweka, kwa mkono wake, na kila mwaka alikwenda kuzipangusa kwa kitambaa cha kufutia kioo cha trekta. Verna alikuwa amepita mlango kwa mlango katika wilaya nzima akihubiri dhidi ya plastiki. Mlango mmoja tu hakuubisha, nao ni wa kwake. Hakumuuliza mumewe anaonaje. Ya nini? Ya Selmer aliyajua siku zote, maana ni yeye aliyekuwa akiyaandika.

Karatasi za kura zilipofika Oktoba, Verna alitandika meza kama kawaida: bahasha mbili, kalamu nyeusi, kahawa, na mkate wa tufaha.

"Ngoja nichukue miwani," alisema. "Tunaanza na yako."

"Yangu najaza mwenyewe," Selmer alisema.

"Ati?"

"Najaza mwenyewe. Si ina jina langu?"

"Ina jina lako miaka yote, mzee wangu, ndiyo kwanza leo unaliona?"

"Leo nimelisoma."

Akaichukua bahasha yake, akachukua na kipande kikubwa cha mkate, akaenda navyo kwenye banda la mashine, akafunga mlango. Banda lile halijawahi kufungwa mlango tangu lijengwe. Hata paka alishangaa. Alikaa humo muda wa kutosha kushusha gia za trekta na kuzirudisha. Alipotoka, bahasha ilikuwa imegundishwa, ina alama ya dole gumba la grisi kwenye kona, na hakumpa Verna aiangalie. Akapanda gari lake akaipeleka mwenyewe kwenye sanduku la kura nje ya kituo cha zimamoto.

Verna alibaki dirishani na kikombe. Mtu asiye na la kuficha, alijiambia, hajazi kura yake kati ya matairi. Ameenda kumpa Dwayne. Na kwa ajili ya alizeti za plastiki!

Hakumuuliza. Alijua akiuliza atajibiwa.

Kura zilipoanza kuhesabiwa, Verna alikuwa mbele ya Dwayne kwa kura kumi na nne, na zingine zilikuwa bado. Akina mama wa kanisani walimpongeza mapema. Yeye akawa mnyenyekevu, unyenyekevu ule wa mtu aliyekwisha kuchagua gauni la kuapia.

Barua ikaja siku chache baadaye. Iliandikwa kwa Bwana Selmer Haugland, kwa hiyo Verna akaifungua. Ilitoka ofisi ya uchaguzi ya wilaya. Ilisema kwamba saini iliyo kwenye bahasha ya kura yake hailingani na saini iliyoko kwenye kumbukumbu zao. Kwamba kura yake haijahesabiwa. Na kwamba ana haki ya kulirekebisha jambo hilo kwa kusaini fomu iliyoambatanishwa, au kufika ofisini mwenyewe, kabla matokeo hayajathibitishwa. Ikipita siku hiyo, kura itawekwa kando.

Verna akaketi. Mambo matatu yalimjia, na hayakuja kwa mpangilio wa kumletea sifa. La kwanza, alicheka. Mume kaandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na serikali imemkataa! La pili, aliogopa, maana aliona nyuma ya barua ile zile bahasha zote za miaka yote, kila moja na shingo yake ya bata. La tatu likamjia taratibu, likakaa: barua hii ikisahaulika, kura ya Dwayne moja imepungua.

Akaitia kwenye droo ya jikoni, ile yenye mipira ya kufungia na betri zisizojulikana kama ni nzima. Simtetei. Alisema ataitoa baada ya kuosha vyombo, na vyombo vya nyumba ile siku hizo havikuwa vinaisha.

Aliyeitoa barua ile drooni ni Dwayne Pruitt, ingawa hakukanyaga jikoni. Mgombea yeyote ana ruhusa ya kuomba majina ya watu ambao kura zao zimekwama, akawakumbushe. Verna aliyejua kila kitu hakujua hilo. Dwayne alijua, akaomba, na asubuhi moja kwenye ghala la ushirika akamwambia rafiki yake kwamba jina lake limo. Selmer akarudi nyumbani kabla hata ya kumaliza kahawa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Verna, kuna barua yangu?"

Verna akafungua droo. Betri mbili zikaanguka.

Selmer aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Akaisoma tena. Kisha akavua kofia, jambo analofanya kanisani na kwenye benki tu.

"Wanasema saini yangu hailingani na yangu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Sasa mimi nilingane na nani?"

"Na mimi," Verna alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Ile waliyo nayo wao niliiandika mimi. Ulikuwa chini ya mashine."

"Lini?"

"Mwaka tuliohamia."

"Na nyingine?"

"Zote, Selmer. Za kura, za hundi, za shule ya watoto. Hata kadi za dada yako."

"Hata za Inga?"

"Hata za Inga. Si ulisema niweke popote?"

Selmer alikunja barua kwa uangalifu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Nilidhani unaweka alama tu," alisema. "Sikujua na mimi mwenyewe umeniweka."

Verna alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mengi, ya haki kabisa, kuhusu nani alikuwa akilala saa ngapi na nani alikuwa akijaza makaratasi ya kodi huku ananyonyesha. Badala yake aliinama akaokota zile betri mbili.

"Basi iache," Selmer alisema, akavaa kofia. "Ni kura moja." Akaenda bandani, na safari hii hakufunga mlango.

Hapo ndipo Verna alipotakiwa kushusha pumzi. Barua imetoka, siri imetoka, mwenye kura mwenyewe amesema iachwe, na zile kumi na nne ziko salama. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alipika kuku kwa malai, chakula anachokipenda Selmer, na Selmer akala akasema kizuri, akashukuru. Kilichomuuma Verna ni ile shukrani. Mume wake hakuwa mtu wa kumshukuru. Alikuwa mtu wa kuongeza sahani. Sasa alikuwa kama mgeni aliyekaribishwa kulala.

Kesho yake Verna alikwenda kanisani, kwenye siku yao ya kushona mablanketi. Aliporudi mchana alimkuta Selmer mezani jikoni, miwani puani, ncha ya ulimi nje. Alikuwa amebandua kutoka kwenye friji kadi ya Krismasi ya mwaka uliopita, moja iliyobaki, ameiegemeza kwenye chupa ya chumvi. Mbele yake kulikuwa na gazeti la wakulima, na pambizoni mwa gazeti, kuanzia bei za ngano mpaka matangazo ya ng'ombe, alikuwa ameandika jina lake. Selmer Haugland, Selmer Haugland, Selmer Haugland. Shingo za bata zilizovunjika, bata waliopinda, bata mmoja aliyefanana na kijiko.

"Unafanya nini?"

"Najifunza saini yangu," Selmer alisema bila kuinua kichwa. "Hii S yangu inanishinda. Shingo ndefu mno."

Verna akacheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na Selmer naye akatabasamu kidogo kwa aibu, kama mtoto aliyekamatwa na kidole kwenye sukari. Halafu Verna akaacha kucheka. Mtu mzima, mwenye shamba lake, mwenye wajukuu, amekaa anajiiga yeye mwenyewe, na anashindwa. Na huyo anayemuiga ndiye mimi, Verna aliwaza. Aliona aibu, aibu halisi, mpaka masikio yakawaka.

"Ulisema iachwe," alisema.

"Nilisema. Halafu nikaona hapana. Ile nilijaza vizuri, Verna. Nilisoma kila kitu, hata lile swali refu la nyuma juu ya maji taka." Akamsogezea fomu. "Lakini mkono unakataa. Isaini wewe tumalize. Wewe ndiyo unaijua."

Kalamu ilikuwa hapo hapo. Ingemchukua Verna muda wa kupiga chafya. S, shingo, mkia, na ofisi nzima ya uchaguzi ingetikisa kichwa kwa furaha: ndiye, ndiye huyu, Selmer wetu. Aliishika kalamu. Ilimkaa mkononi vizuri, kama siku zote.

Akaiweka chini.

"Hiyo siyo yako," alisema. "Acha kuiiga."

"Wao wanasema ndiyo yangu."

"Wao wanajua nini? Wao hawajaolewa na wewe. Vaa koti, twende mjini."

Selmer akamtazama juu ya miwani. "Na kama hii kura ikikuangusha?"

"Kwani ulimpa nani?"

"Koti langu liko wapi?" Selmer akauliza.

Ofisi ya uchaguzi iko chini kabisa ya jengo la mahakama, ikitumia mlango mmoja na dirisha la kukatia leseni za mbwa. Karani wake, Marisol Barragán, alikuwa binti mwenye hereni kubwa na subira kubwa zaidi, aliyekwisha kuzungumza na wazee wa wilaya nzima kuhusu jambo hilo hilo moja. Selmer akaweka barua mezani, akaweka na leseni yake ya udereva, akavua kofia.

"Nimekuja kuhusu mimi," alisema.

Marisol akaitazama leseni. Leseni hiyo Selmer aliisaini mwenyewe, mbele ya dirisha, kwa sababu Verna hakuruhusiwa kuvuka mstari wa njano. Kisha Marisol akaitazama bahasha ya kura. Kisha akageuza skrini ya kompyuta yake ili nao waone, na pale juu, kubwa kama bango, ikatokea shingo ya bata.

"Lo!" Marisol alisema. "Bwana Haugland, zamani ulikuwa na mkono mzuri sana."

"Bado ninao," Selmer alisema. "Leo nimekuja na—"

"Selmer!" Verna alisema.

"Mimi huwa nauliza maswali mawili," Marisol alisema upesi, akiangalia dari. "Mawili tu. Bahasha hii ni yako?"

"Yangu."

"Uliisaini mwenyewe?"

"Mwenyewe. Bandani."

"Basi umemaliza kujibu." Akavuta fomu. "Sikiliza, mzee. Haki yako ya kupiga kura haitegemei uzuri wa mwandiko. Wapo waliovunjika mkono, wapo waliopata kiharusi, wapo vijana hawajawahi kushika kalamu tangu wapate simu. Sisi tunaangalia kama ni wewe, basi. Saini hapa kama unavyosaini, na hii ndiyo itakayokaa kwenye kumbukumbu kuanzia leo."

Halafu akamgeukia Verna. "Na wewe, Bi. Haugland, si ndiye mgombea wa makaburi?"

"Ndiye."

"Na umemleta mwenyewe?"

"Nimemleta."

"Umefanya jambo zuri. Wengine wakiona barua kama hii wangeitia kwenye droo."

Verna akapata haja ya kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta kwa muda mrefu.

"Nakumbusha tu," Marisol aliendelea, sasa akiongea na ukuta, kwa heshima, "kila mtu asaini bahasha yake. Ya mwenzio ni kosa, hata kama mmezeeka pamoja. Nawaambia watu wote. Maana wilaya hii ina wakulima wenye mwandiko wa bibi harusi, sijui wanaupata wapi. Siku wote wakiamua kusaini wenyewe nitakesha hapa mpaka Pasaka."

Selmer alishika kalamu kama anavyoshika bisibisi. Ulimi ukatoka. S ilianza vizuri, ikapoteza nguvu njiani, ikalala chali. H ikapiga magoti. Vidole vya Verna vilikuwa vinacheza vyenyewe mapajani; vilitaka kwenda kusaidia, kama vile mtu anavyotaka kumshika mtoto anayejifunza kutembea. Akavikalia. Alikalia mikono yake yote miwili kwenye kile kiti cha chuma mpaka jina likaisha.

"Huyo hapo," Marisol alisema, akaipiga muhuri.

Zilipohesabiwa zote, Dwayne Pruitt alimshinda Verna kwa kura tisa. Kwa hiyo kura ya Selmer, iwe ilikwenda huku au kule, haikuvunja wala kujenga. Verna alilia kidogo kwenye gari, akajipaka poda, akaenda ghalani kumpongeza mshindi mbele ya watu, kwa sababu mtu wa kalamu hujua pia adabu.

"Nashukuru, Verna," Dwayne alisema. "Na Selmer, rafiki yangu, asante kwa kura yako."

"Nani kakwambia ni yako?" Verna akamrukia. "Ilikuwa yangu hiyo!"

Wote wawili wakamgeukia Selmer. Selmer akanywa.

"Kahawa hii imepoa," alisema.

Ndani ya gari Verna alimuuliza waziwazi, na kitandani akamuuliza kwa upole, na mara moja alimuuliza ghafla wakati anashuka kwenye ngazi, akitumaini kumkamata hajajiandaa. Selmer alisema kura ni siri. Alilisema neno hilo kwa raha, kama mtu aliyenunua trekta jipya. Verna aliudhika wiki nzima. Baadaye akaanza kumtazama mezani pale anapokula, kichwa kile cha mvi alichodhani amekwisha kukisoma chote, na akajikuta anaona haya kidogo, kama zamani.

Kadi za Krismasi ziliwadia. Kila mwaka Verna huandika rundo zima, kwa ndugu wa Minnesota, wa Dakota na wa Spokane, na chini ya kila moja huweka majina mawili. Safari hii aliandika lake peke yake. Alipomaliza, akalisukuma rundo mpaka upande wa pili wa meza, kwa kiwiko.

"Saini," alisema.

"Zote hizi?"

"Zote. Ni ndugu zako."

"Weka tu popo..." Selmer alianza, akaona macho ya mkewe, akaomba kalamu. Alinung'unika mpaka kadi ya mwisho. Vidole vilimuuma kweli safari hii.

Hazikupita siku nyingi simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa binti yao Karen, wa Spokane, sauti ikimtetemeka. "Mama, niambie ukweli. Baba amepata kiharusi?"

"Kiharusi? Yuko bandani anagombana na pampu."

"Mbona saini yake imekuwa hivi? Hii siyo saini ya baba. Mimi naijua, ilikuwa kwenye ripoti zangu zote za shule!"

"Hiyo ndiyo ya baba yako," Verna alisema. "Zile za ripoti ni zangu."

"Hata ile ya hesabu, uliyosema baba amekasirika?"

"Hata ile. Baba yako hakuiona."

Akapiga binamu wa Dakota kutoa pole. Jumapili mchungaji aliuombea mkono wa Selmer mbele ya kanisa lote, na Selmer akaitikia amina kwa unyenyekevu, mkono ule ukiwa mfukoni. Verna alimfinya.

Wa mwisho kupiga alikuwa Inga, dada yake Selmer, mzee kupita wote, anayeishi peke yake Minnesota na anayepiga kelele kwenye simu kwa sababu haisikii vizuri sauti yake mwenyewe.

"Hajambo, Inga," Verna alimuwahi. "Si kiharusi. Ni mzima kama trekta."

"Kiharusi cha nani? Nipe Selmer. Nimepata barua yake."

"Ni kadi tu, wifi yangu. Yeye kaandika jina tu."

"Ndiyo, jina lake!" Inga alipaza sauti. "S imelala chali! Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, jikoni kwa mama, na S ilikuwa inalala vile vile, tukamchapa, tukambembeleza, ikakataa kuamka. Nilipoiona nimekaa chini, Verna."

Verna akajaribu kucheka. "Na zile nyingine je, Inga? Za miaka yote?"

"Zile nilijua ni zako, mwanangu. Nani asingejua? Nzuri sana zile. Nimezitunza zote kwenye sanduku." Inga akavuta pumzi. "Hii nimeiweka dirishani."

Verna alisimama na simu mkononi. Alikuwa na mazoea ya kumjibia mumewe kila simu: hajambo, anakusalimu, anasema asante. Maneno yalikwisha kufika mdomoni. Akayameza, akafungua mlango wa nyuma, na baridi ikamwingia mpaka kwenye mikono.

"Selmer!" aliita kuelekea bandani. "Simu yako!"

"Nani?"

"Dada yako."

"Mwambie niko mzima!"

"Simwambii kitu," Verna alisema. "Njoo umwambie mwenyewe."

Selmer alikuja akifuta grisi kwenye suruali. Akaichukua simu kwa mikono miwili. Verna akavaa koti lake, akatoka nje, akawafungia mlango.